Mama Mkwe Haumwi

Kabla hujamuuliza mgonjwa kama anaumwa, jiulize kwanza wewe ni nani kwake. Hili hamtalikuta kwenye vitabu vyenu vya uuguzi, vijana wangu, wala mimi sikufundishwa darasani. Nilifundishwa na mama mkwe wangu, akiwa amelala chali na mshono mbichi chini ya mbavu, huku akiniambia kwamba yeye ni mzima kuliko mimi.

Jina lake msilitafute humu. Kwetu mkwe hatamki jina la mama wa mke wake, na uzee huu sitauanza kwa utovu wa adabu. Kwa Kirundi humwita mabukwe. Hamli sahani moja, hamtazamani usoni, na mwili wake kwako haupo kabisa: hana tumbo, hana mguu, hana hata mafua. Ni kitenge kilichofungwa vizuri kinachokuuliza habari za watoto. Sasa siku moja kitenge hicho kikaletwa kwenye wodi yangu kwa kitanda cha magurudumu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kujua kinaumwa wapi.

Nilikuwa muuguzi hapa Bujumbura, wodi ya upasuaji ya wanawake, tangu nina kiuno cha kijana hadi hiki mnachokiona siku hizi kikipanda polepole njia ya Musaga. Wagonjwa waliniita muganga Deo. Kazi yangu ilikuwa hii: mtu akitoka bloku, yaani chumba cha upasuaji, asiteseke. Daktari anakata, anashona, anakwenda kunawa mikono. Anayebaki na maumivu ni wewe na mgonjwa.

Nilipoanza, njia ilikuwa moja tu. Mgonjwa akiomba sindano, anapewa. Asipoomba, hapewi. Aliyenifunza kazi, Mama Anastazia, muuguzi mkuu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliichukia njia hiyo kuliko alivyochukia vumbi. "Deo," alikuwa akiniambia, "hapa kwetu ukingoja mutu aombe, utangoja mpaka azikwe." Hakukosea. Wazee wetu husema machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni, na mimi nawaambia ya wanawake wetu yanapita njia hiyo hiyo. Mtu amepasuliwa tumbo zima, mrija unamtoka puani, unamuuliza anaendeleaje, naye anakujibu salamu: "Ni sawa, tunashukuru Mungu. Na kwenu, watoto bazima?"

Basi Anastazia alinikataza kuangalia uso. Alikwenda mwisho wa kitanda, akainua shuka kidogo, akatazama vidole vya miguu. "Uso ulifundishwa kudanganya," akasema. "Vidole hakuna aliyevifundisha." Vikiwa vimejikunja, huyo anaumwa, hata kama anakuchekea meno yote. Mpaka leo nikienda kumwona mgonjwa macho yangu huanzia miguuni, na mke wangu Goreti hunifinya.

Baadaye ikaja njia ya namba, mnayoitumia hata nyinyi. Sifuri maana yake huumwi, kumi maana yake umeshindwa kuvumilia. Na kwa asiyependa namba, karatasi yenye nyuso zilizochorwa, wa kwanza unacheka, wa mwisho unalia. Loo, karatasi ile! Nilimpelekea mama mmoja mlokole, ametoka kupasuliwa kizazi, nikamwomba achague uso. Akazitazama kwa makini, akaweka kidole kwenye ule unaocheka. "Huyu alilelewa," akasema. "Huyu wa mwisho mama yake yuko wapi?" Nikaandika sifuri. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimejikunja kabisa, nikafuta, nikaandika kile nilichokiona.

Kisha akaja kijana mmoja, daktari wa usingizi, na mashine ya kuonyesha mishipa ndani ya nyama. Anachoma ganzi kando ya mshipa wa fahamu, mguu wote unalala na mwenyewe yuko macho anapiga soga. Njia nzuri sana, naipenda. Ila mwambieni mgonjwa kabla, nawasihi. Sharifa hakuambiwa.

Sharifa alikuwa muuza ndagala wa soko la Jabe, Mwislamu wa familia ya zamani hapa mjini, mwenye sauti ya kuuza samaki hata akiongea siri. Alianguka kwenye pikipiki, akavunjika mguu, akafungwa vyuma. Alipozinduka wodini akaushika mguu wake, hausikii. Akaufinya. Hamna kitu. "Wallahi huu si mguu wangu!" wodi yote ikaruka. "Munirudishie mguu wangu! Nani alilala karibu na mi kule bloku? Mukautafute kwake!" Nilimweleza, akakataa katakata, akataka dada yake aje autambue mguu. Jioni ganzi ikaisha, akaupata mguu wake pamoja na maumivu yake yote, na hapo tulimsikia mpaka barabarani.

Huyo hakuwa na shida ya kuomba dawa. "Muganga Deo! Mi nakufa na we unakunywa chai!" Basi sindano inakuja mbio. Na ndiye aliyekuwa kitanda cha kando pale mama mkwe wangu alipoletwa.

Mama mkwe ni mkulima wa mpunga wa Buterere. Maisha yake yote amesimama kwenye maji ya mashamba, na mchele wake anauza Jabe, kwa hiyo Kiswahili anakijua vizuri. Alikuwa na mawe ya nyongo. Akapasuliwa chini ya mbavu za kulia, na jeraha la mahali pale, vijana, ndilo lenye kisirani kuliko yote, kwa sababu kila pumzi inaligusa. Mgonjwa anaamua kupumua juu juu, kama mtu anayeonja uji wa moto. Asipovuta hewa ndani, asipokohoa, makohozi yanakaa chini ya pafu, homa inapanda. Nimewaona waliopona tumbo wakafa kwa kifua. Hapo dawa ya maumivu si ya kumdekeza mtu. Ndiyo inayomruhusu kupumua.

Sasa niwaambie nilivyomhudumia. Viatu vyangu vilikuwa vinalia, kwii, kwii, tangu mwanzo wa ukumbi. Kila nikifika mlangoni nilimkuta mama mkwe ameketi wima, kitenge kimefungwa mpaka shingoni, mikono mapajani kama yuko kanisani.

"Mukwe wangu, bazima nyumbani?"

"Bazima, mama. Na wewe, maumivu kwa kumi ni ngapi?"

"Maumivu? Mi siumwi. Watoto wamekula?"

Sifuri. Kila nikiingia, sifuri. Wenzangu, ambao nilikuwa mkuu wao, wakaanza kunicheka: "Shefu, wewe ndiwe dawa kali kuliko zote, unaingia tu mutu anapona." Na wao wenyewe wakimuuliza, jibu ni lile lile, kwani alijua watakachosikia kitanifikia. Kumwinulia shuka nitazame vidole, au kumchoma sindano ya tako, hilo hata msiliwaze. Dawa zake zote zilipita kwenye mrija wa mkononi, na hata mkono huo alinipa huku anatazama ukuta.

Daktari Nadine, binti mdogo aliyempasua, akasoma sifuri zile akafurahi. "Deo, mabukwe wako ni shujaa. Basi tupunguze morfini." Mngekuwa mimi mngemjibu nini? Kwamba mama wa mke wangu anasema uongo? Nikaandika agizo lake. Morfini ikapunguzwa.

Kesho yake homa ikapanda. Nadine akamsikiliza mgongoni, akasikiliza tena, akanivuta pembeni. "Kulia huku chini hewa haiingii. Lazima akohoe na atembee, Deo, leo. La sivyo tutampoteza, na nyongo yake nimeitoa vizuri kabisa."

Nilimfuata Goreti pale nje wanakopikia wanaowalinda wagonjwa. Alikuwa anakoroga uji na macho mekundu. "Mama analia ukishatoka," akaniambia. "Anauma kitenge ili asisikike."

"Na hukuniambia?"

"Amenikataza. Anasema nikikwambia hatakanyaga kwetu tena. Anasema utafikiri ulioa kwa watu waoga."

"Nimekula naye miaka yote hii—"

"Hujawahi kula naye, Deo. We unakula sebuleni, yeye anakula jikoni."

Kweli tupu. Nikabaki pale nimeshika mfuniko wa sufuria wa mtu mwingine.

Basi nikaona nifanye ujanja. Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikanyata ukumbini na soksi, na moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Mkurugenzi wa hospitali akatokea na wageni wake. Tukatazamana. "Muganga Deo," akasema. "Mkurugenzi," nikasema. Akapita, na mimi nikaendelea kunyata.

Nikachungulia mlangoni. Ee Mungu wangu. Sikumwona yule mama wa kukaa wima. Niliona mwanamke mdogo amejikunja upande mmoja, kitenge mdomoni, jasho linamtoka, mkono mmoja umeshikwa na Sharifa kutoka kitanda cha pili. Na vidole vya miguu, jamani, vilikuwa vimejikunja hata sikuvitambua kama vidole. Roho iliniuma. Nilijiambia, huyu ndiye unayemwandikia sifuri.

Sharifa akaniona. "Eee! Mukwe ameficha viatu!"

Mama mkwe akaruka kuketi, jeraha likamshika katikati, akabaki nusu ameinuka nusu amelala, anajaribu kunisalimu na sauti haitoki.

"Sasa inatosha!" Sharifa akasema. "Mi nimechoka kuangalia hiki kitu. We Deo, siku ya mahari yako ulisema mwenyewe?"

"Apana. Alisema mjomba."

"Na upande wa huyu mama?"

"Alisema jirani yao."

"Basi. Leo mi ndio jirani. Geuka huko, uongee na dirisha."

Vijana, mnajua mahari zetu zinavyokwenda. Msemaji wa huku, msemaji wa kule, maneno matamu, hakuna anayesema shida yake kwa mdomo wake mwenyewe. Na mama mkwe wangu, Buterere nzima inajua, hajawahi kuacha hotuba ya mahari ipite bila jibu. Nikageukia dirisha, viatu bado mkononi, nikasafisha koo.

"Tunawasalimu," nikasema. "Sisi upande wa dawa tumekuja kwa heshima. Tumesikia ndani ya nyumba hii kuna maumivu yaliyotunzwa vizuri. Hatukuja kuyachukua kwa nguvu. Tumekuja kuyaomba."

Wodi nzima ikapiga makofi. Wagonjwa, wanaowalinda, mpaka yule mlokole wa karatasi ya nyuso, aliyekuwa bado wodini. Halafu nyuma yangu nikasikia sauti ndogo: "Waambie hao wageni wamekosea nyumba. Hapa hatuna maumivu."

"Anasema yapo," Sharifa akatafsiri. "Munataka mangapi?"

"Tunaomba mtaje wenyewe."

"Waambie... mbili."

"Nane!" Sharifa akapaza.

"Sharifa, nimesema mbili."

"Mama, kwa mbili mutu haumi kitenge. Mi ni muuzaji, najua bei ya uongo nikiisikia."

"Basi tatu."

"Saba, na hapo mi nimekula hasara!"

Mtu akaangua kicheko. Kikapita kitanda kwa kitanda, na mwisho kikamkamata mama mkwe mwenyewe. Sasa mwenye mshono chini ya mbavu hachekicheki ovyo. Akapiga yowe la Kirundi, la kulilia tumbo lake, lililonyamazisha wodi yote, na baada ya yowe hilo akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa bei: "Sita. Lakini musimwambie mukwe wangu."

Na mimi niko pale pale, nimeshika viatu, natazama dirisha.

"Hatutamwambia," nikasema.

Nadine alikuja mbio. Tulifanya kila kitu kwa pamoja, na hapa ndipo mnataka nifike, nyinyi mnaoniuliza kila mara ipi ni njia bora. Njia bora peke yake haipo. Tulimrudishia morfini kwenye mrija, kidogo kidogo, nikikaa karibu kuangalia pumzi zake, maana ikizidi inalaza hata pumzi. Yule kijana wa ganzi akaleta mashine yake akachoma kando ya jeraha, na safari hii alieleza kwanza, Sharifa alihakikisha. Na parasetamo ikawa ya saa, aombe asiombe, kabla maumivu hayajaamka. Kungoja kuombwa ni njia ya akina Sharifa. Akina mabukwe wanahitaji saa ya ukutani. Tena mpeni mgonjwa dawa kabla ya wageni kuja, kwa sababu wageni wa Bujumbura lazima watamchekesha.

Yalibaki makohozi. Kwa njia ya Sharifa nikamfundisha kukumbatia mto juu ya jeraha na kukohoa kwa nguvu. Akakohoa kikohozi cha adabu, cha mtu anayebisha hodi. Kutema mbele ya mkwe? Heri kufa. Na nilianza kuona kwamba si msemo.

Asubuhi iliyofuata Goreti alikwenda kuchukua uji, wenzangu wote wako bloku kupokea mgonjwa, na mimi narekebisha mrija wa mama mkwe, macho ukutani kama kawaida. Ganzi na dawa zilikuwa zimefungua kifua, makohozi yakapanda yenyewe. Naye akayazuia. Nilisikia pumzi imekatika. Nikageuka: uso umebadilika rangi, macho yamemtoka, mdomo ameufunga kwa mkono wake mwenyewe.

"Deo!" Sharifa akapiga kelele, hawezi kushuka kitandani na vyuma vyake. "Deo! Deo!" Maneno mengine yalimwishia, na hilo lilinitisha zaidi.

Niseme wazi, niliogopa. Niliogopa kutoka nje pale jikoni kumwambia Goreti kwamba mama yake amekufa kwa heshima. Nikachukua mto, nikauweka kwenye tumbo lake, nikamkumbatia mama mkwe wangu kwa mikono miwili, mtu ambaye kabla ya kuletwa wodini nilikuwa nimemgusa vidole tu, siku ya harusi.

"Kohoa, mama! Kohoa, nakushika!"

Akakohoa. Si kile cha hodi. Kilitoka Buterere, kwenye matope. Nikashika beseni, akatema, akakohoa tena, akatema tena, anashika mkono wangu kwa kucha, mpaka nikasikia hewa inaingia ndani kabisa, inashuka, inajaa. Rangi yake ikarudi. Tukabaki hivyo, anahema kichwa kikiwa begani kwangu, beseni mkononi mwangu, na wodi yote inatazama.

Nikakumbuka mimi ni nani. Nikamlaza taratibu, nikafunika beseni, nikageukia dirisha langu. "Sharifa," nikasema, "muulize mama anaumwa ngapi."

"Muache Sharifa," ikatoka nyuma yangu. "Niulize mi."

Nikageuka. Alikuwa ananitazama usoni. Sijui kama aliwahi kunitazama kabla.

"Mama, inauma?"

"Inauma, mukwe wangu. Inauma sana." Machozi yakamshuka, na hakuinua kitenge kuyafuta. "Saba."

Nikaandika saba, nikaandaa dawa. Na kutoka kitanda cha kando: "Saba! Si ndiyo bei niliyowapa mi? Mukabishana na mutu wa soko!"

Kifua kilisafika, homa ikashuka, akatembea ukumbini ameshika mkono wa Goreti, na Sharifa akimhesabia hatua kwa sauti kama anapima ndagala. Akarudi Buterere kwenye mpunga wake.

Yuko huko mpaka leo, mzee kunizidi na mkavu kunizidi, na sifuri sijaisikia tena. Hunipigia simu kabla jogoo hajamaliza kuwika. Jana amenipigia: goti la kushoto nne, la kulia sita, mgongo tano na nusu. Nikamuuliza anataka nimpelekee dawa gani.

"Sitaki dawa," akasema. "Nilitaka tu ujue."